Kioo Kilichofutwa

"Hivi mwenzangu, huko juu angani nako kuna vumbi hata ukalisomee?"

Aliyeuliza alikuwa jirani yake, fundi cherehani wa nyumba ya pili, siku aliyokuja kumpima gauni. Pini alikuwa amezibana mdomoni na futi ya kitambaa imemning'inia shingoni. Aliuliza kwa utani, na aliyeulizwa akacheka, maana siku hizo bado alikuwa mtu wa kucheka. Akamjibu kwamba vumbi la huko juu halitoki huko juu. Sisi ndio tunaokwenda nalo.

Jirani akatikisa kichwa, akasema wasomi wana mambo, akaendelea kupima kiuno.

Msomi huyo kazini walimwita Bi Pua. Jina hilo alipewa na mafundi, na hakulikataa, kwa sababu lilimfaa. Alikuwa na pua ndogo tu ya kawaida, lakini ilijua kazi. Pale kwenye taasisi yao palikuwa na chumba kimoja kilichofungwa kuliko chumba cha maiti, ndani yake kunaundwa chombo cha kupelekwa angani, kikubwa kadiri ya jiko la gesi. Kabla mtu hajavaa joho jeupe, kofia na soksi za juu ya viatu, sharti asimame mbele ya Bi Pua anuswe. Umepaka mafuta ya nywele, rudi. Umejipulizia manukato, rudi. Umeogea sabuni ya maua, kaoge tena na ile isiyonukia, iko bafuni. Mafundi walisema hata ukiota umekula kitunguu, Bi Pua atakurudisha mlangoni.

Watu walidhani ni majivuno. Haikuwa majivuno. Ukinunua beseni jipya la plastiki ukaliingiza ndani, nyumba nzima inanukia beseni. Ile harufu ni beseni lenyewe linajitoa, kidogo kidogo. Hapa duniani linajitoa taratibu. Huko juu, mahali pasipo hewa, gundi na rangi na mpira na maganda ya waya hujitoa kwa pupa, kama watu waliofunguliwa mlango wa ghala. Na ule mvuke wao haupotei wote. Hutafuta mahali penye baridi ukatua hapo, kama mvuke wa sufuria unavyotua kwenye mfuniko. Sasa katika kile chombo hapakuwa na mahali penye baridi kuliko kwenye jicho lake, ile kamera ya kutazamia nchi, maana jicho la namna ile lisipokuwa la baridi halioni vizuri. Basi uchafu wote hukimbilia jichoni. Kisha jua la huko, ambalo halijapoozwa na hewa wala wingu, huubanika ule utando ukawa ukoko. Ukoko wa sufuria utauloweka, utausugua. Ukoko wa huko, nani atapanda akausugue?

Hiyo ndiyo kazi aliyoisomea, na ndiyo iliyompa mvi. Kila kipande cha gundi, kila tone la rangi, kilipita kwanza kwake. Alikitia katika pipa la chuma, akalinyonya hewa mpaka likawa tupu, akakipasha moto humo, akaangalia kinatoa nini. Kilichotoa sana alikikataa. Kilichotoa kidogo alikipika hivyo hivyo mpaka kitokwe jasho lake lote hapa hapa, kisiende kulitoa mbele ya jicho.

Nyumbani kazi ile ilimgharimu kwa namna nyingine. Mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa na magoti mabovu, na magoti yale yalitaka kuchuliwa kila jioni kwa dawa ya kupaka yenye harufu ya kufukuza nyoka. Mtu akiishika dawa ile, mkono unanuka hata siku ya tatu. Kwa hiyo aliyemchua bibi ni mkwewe, baba watoto, mtu wa watu, na mikono yake mizito kama pasi ya mkaa. Bibi alikuwa akilalamika kwa kila aliyemtembelea kwamba mwanawe wa kumzaa amemkinai, hataki hata kumgusa goti. Bi Pua alimweleza mara nyingi. Bibi akawa anaitikia, kisha kesho yake anasema vile vile.

Alikuwa na mdogo wake pia, wa kiume, mkulima kule bondeni, kando ya mto. Miaka ya nyuma mto ulipanda usiku mmoja bila taarifa ukamchukulia shamba zima na mbuzi. Chombo kile kilikuwa kinatengenezwa kwa ajili hiyo hasa: kuutazama mto kule juu unakotoka, ili ukijaa, walioko chini waambiwe mapema. Mdogo wake alikuwa amewatangazia bonde zima. Kila akipiga simu, kabla ya salamu kwisha atauliza, "Dada, jicho letu linaendeleaje?" Na dada humjibu kwamba jicho letu halijambo, linamsalimu.

Sasa, kuna jambo moja inabidi lieleweke, kwa maana kisa kizima kimening'inia hapo. Jicho lenyewe haliguswi wala halifutwi ovyo. Utajuaje kwamba limeingia uchafu? Bi Pua alikuwa akiweka kando yake kipande cha kioo, kadiri ya kiganja, kilichosafishwa sawasawa na jicho. Kitakachotua jichoni kitatua na kiooni. Mwishoni anakichukua kioo, anakipeleka chini ya taa yake, anakisoma. Walikiita shahidi. Jicho haliulizwi, anaulizwa shahidi.

Ikafika wiki ya mwisho kabla chombo hakijafungwa kwenye sanduku la safari. Mfuniko wa jicho ulikuwa wazi, mafundi wanalirekebisha. Wiki hiyo hiyo bibi akaitwa hospitali kupasuliwa goti, na Bi Pua akaomba ruhusa kumuuguza. Aliacha kila kitu sawa. Alimwacha shahidi wake kando ya jicho, akawaambia mafundi wasimsogeze.

Mgongo wake ulipogeuka tu, habari ikaja kwamba wageni wakubwa wanakuja kukiona chombo. Mkuu wa taasisi akaamrisha ukumbi wa nje upakwe rangi mpya, maana kuta zilikuwa na alama za mikono. Fundi mmoja alimwambia kwamba mashine ya hewa ya chumba cha chombo inavuta hewa kutoka ukumbini. Mkuu akamjibu kwamba mashine ile ina chujio la kutoka ng'ambo. Ni kweli ina chujio. Lakini chujio lile huzuia vumbi. Mvuke wa rangi unapita humo kama panya kwenye uzio. Fundi akarudi kazini kwake. Wageni wakaja, wakavishwa majoho, hakuna aliyewanusa. Walisimama mbele ya jicho lililo wazi wakapigwa picha.

Bi Pua aliporudi kazini, aliisikia rangi kutoka getini. Alipofika mlango wa ndani akasikia na waridi. Alisimama pale amevaa nusu joho, mkono mmoja ndani, mmoja nje, akivuta pumzi kama mtu anayesikiliza. Aliingia bila kumsalimia mtu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda moja kwa moja kwenye jicho. Shahidi alikuwa mahali pake. Alikuwa anang'aa. Alikuwa anang'aa kuliko alivyomwacha, na kwa pembeni, mwanga ulipomwangukia, akaona mistari myembamba ya mviringo, kama ya mtu aliyefuta meza.

Akauliza nani amegusa kioo. Mafundi wakatazamana. Ndipo afisa uhusiano wa taasisi, binti mchangamfu aliyekuja kuchukua vibao vya majina ya wageni, akajibu kutoka mlangoni, kwa moyo mweupe kabisa.

"Ni mimi, mama. Kilikuwa na ukungu, kama kimepumuliwa. Nikasema wageni wasije wakaona kitu kichafu karibu na kamera. Mkuu akasema nifute tu."

"Ulikifuta kwa kitu gani?"

Binti akatoa mkobani pakiti ya tishu za maji. Zilinukia waridi.

Bi Pua alikaa kitako sakafuni, na katika chumba kile watu hawakai sakafuni. Shahidi alikuwa ameifanya kazi yake. Rangi imeingia, naye ameiona, ameiandika mwilini mwake, anasubiri kuulizwa. Wakamfuta mdomo kabla hajasema.

Wanasema hasira ni hasara, na vitabu vya dini vinatuonya nayo. Lakini iko hasira nyingine ambayo mtu asipokuwa nayo basi hana pia upendo. Hasira yake ilipanda polepole, kama maji ya moto wa kuni, na ilipochemka hakupiga kelele. Alimwambia binti, "Mwanangu, wewe hukujua. Aliyekuruhusu alijua." Akainuka, akavua joho, akaenda ofisini kwa Mkuu.

Mkuu alikuwa na furaha siku hiyo. Picha ya wageni ilikuwa tayari ukutani, ndani ya fremu. Alimkaribisha kiti, akamuuliza hali ya mgonjwa. Aliposikia alilojia, akacheka.

"Mama, umesafishiwa kioo, unalalamika? Wewe si ndiye mtu wa usafi?"

"Kioo kile hakikuwekwa kiwe safi, Mkuu. Kiliwekwa kichafuke."

Akamweleza, taratibu, kama anayemweleza mtoto wa jirani. Akamwomba jicho litolewe, lioshwe kwa dawa yake, lirudi kwenye pipa lipikwe tena. Mkuu akasema roketi ni ya wenyewe, ni kama basi la safari ndefu, haimngoji abiria anayetafuta kiatu. Bi Pua akasema heri kubaki kituoni kuliko kusafiri kipofu. Mkuu akaacha kucheka.

"Una hakika jicho limechafuka?"

"Ningekuwa na hakika kama mngeniachia shahidi."

"Kwa hiyo huna ushahidi."

Hapo Bi Pua akajifunga khanga yake upya. Alisema, "Umemfuta shahidi, halafu unaniuliza ushahidi." Mkuu akajibu kwamba hiyo ni lugha ya mahakamani na hapa si mahakamani. Akaongeza kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Bi Pua akamwambia tatizo ni kwamba guu litakalovunjika si lake wala la Mkuu, bali la watu wanaolala kando ya mto. Kisha akatoka, na mlango hakuubamiza, ingawa Mungu anajua alitamani.

Siku sanduku lilipokuja kuchukuliwa, wabebaji walimkuta amesimama mlangoni, mikono ameikunja, mwanamke mfupi wa makamo katika viatu vya mpira. Wabebaji wakasita, mmoja akakuna kichwa. Ilibidi aitwe mlinzi wa zamu, mzee aliyezoeana naye kwa salamu za kila asubuhi. Mlinzi akavua kofia, akamwambia, "Mama, tupishe. Nakuomba mimi, si wao." Akawapisha. Baadaye alisema kwamba katika yote aliyofanyiwa, kupisha ndiko kulikomuuma zaidi, kwa sababu hilo alilifanya kwa miguu yake mwenyewe.

Wiki iliyofuata alihamishiwa stoo, kuhesabu glavu.

Jioni ya kwanza aliporudi kutoka stoo alimkuta bibi ukumbini, mguu umeinuliwa kwenye kigoda. Akachukua ile chupa ya dawa, akamimina kiganjani, akaanza kumchua lile goti lisilopasuliwa, mpaka nyumba nzima ikanuka. Bibi akafumba macho. Akasema, "Leo umenikumbuka, mwanangu." Bi Pua akaitikia kwamba ndiyo, mama. Hakumwambia ni kwa nini sasa mikono yake ina ruhusa ya kunuka. Baba watoto, aliyekuwa amesimama mlangoni, alielewa, akageuka akaenda zake uani.

Chombo kilipaa salama. Watu walishangilia, picha za kwanza zikaonyeshwa, nzuri kweli, mto unaonekana kama uzi wa fedha. Mkuu alipita stoo makusudi akamwonyesha kwenye simu yake, akauliza, "Huo uchafu uko wapi, mama?" Akamjibu kwamba ukoko haushiki siku ya kwanza.

Na haukushika siku ya kwanza. Jua liliubanika taratibu. Kwanza rangi ya buluu ilianza kufifia kwenye picha, maana ndiyo inayotangulia. Kisha zikawa kama zimepigwa kupitia moshi. Ilipofika masika, jicho lilikuwa limeiva hudhurungi kama chimni ya taa isiyosafishwa, na wataalamu wakakaa mbele ya picha wakibishana kama lile doa ni maji au ni kivuli cha wingu.

Yalikuwa maji. Mto ulipanda ukashuka bondeni, na hakuna aliyeambiwa. Mdogo wake aliponea juu ya paa la shule, yeye na mkewe na watoto, wakalala huko na wenzao wakiitana majina gizani kuhakikisha hakuna aliyeteleza. Shamba likaenda. Nyumba ikaenda. Wazee wawili wa jirani yake hawakuonekana tena.

Alipopata simu ya kuazima akampigia dada yake. Safari hii salamu hazikuwepo kabisa.

"Dada, jicho lenu lilikuwa linatazama wapi?"

Dada alikaa na simu sikioni hata baada ya kukatika.

Siku chache baadaye redio ikatangaza kwamba chombo kimeharibika kwa sababu ya uzembe wa kitengo cha usafi. Mkuu mwenyewe alisikika akisema kwa masikitiko kwamba kitengo hicho hakikuweka ushahidi wowote wa hali ya jicho. Fundi cherehani alikuwa anasikiliza na mashine yake inakimbia. Akaisimamisha. Alitoka na kipande cha kitambaa mkononi, akaingia kwa jirani yake bila hodi, akamwambia, "Mwenzangu, huyu mtu anakutukana na sisi tunasikia. Utakaa tu?"

Hakukaa. Kamati ya watu watatu iliundwa kuchunguza kisa kile, watu wa nje ya taasisi, mwenyekiti wake mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Bi Pua hakungoja kuitwa. Alikwenda akaketi kwenye benchi la nje tangu asubuhi, akasema yuko hapo mpaka watakapomhitaji. Walipomwingiza, alisema yote, na safari hii hakusema kama anayemweleza mtoto wa jirani. Sauti yake ilisikika mpaka getini. Alisema mtu akiziba masikio yake ni shauri yake, lakini akiziba mdomo wa shahidi kisha akasema shahidi hakuwepo, huyo anawaua watu na mikono yake inabaki safi. Mkuu alimkatiza, akasema hayo ni maneno ya mfanyakazi mwenye kinyongo, na kwamba kioo kilikuwa safi muda wote.

"Hakikuwa safi."

Alikuwa yule binti wa uhusiano, amesimama nyuma, karibu na mlango. Mkuu akamtazama kwa jicho ambalo kila mfanyakazi wa pale alilijua. Binti akameza mate, lakini hakuketi. Akasema kilikuwa na ukungu kabla hajakigusa, ndiyo sababu alikigusa. Kwamba alimwonyesha Mkuu, na Mkuu akasema futa, watu wako njiani. Akasema tangu maji yalipoingia bondeni halali. Alipomaliza alilia, na hakuna aliyemnyamazisha. Bi Pua alisogea kwenye benchi la mle ndani, akampisha nafasi kando yake.

Mkuu alikuwa anatazama kucha zake. Mwenyekiti akavua miwani, ikaning'inia kifuani, akamgeukia Bi Pua akamuuliza anataka kamati imfanyie nini. Kama ni kurudishwa kazini kwake, aseme. Kama ni redio imwombe radhi, aseme. Wakubwa wengi wangefurahi kama angetaja hayo mawili, kwa maana yanatekelezeka kwa siku moja, na wote wakaenda nyumbani.

Bi Pua aliyatazama mawili hayo, na moyoni mwake alikuwa anayataka yote, maana ni binadamu. Lakini kule kazini, katika chumba kile kilichofungwa, chini ya majoho meupe, chombo cha pili kilikuwa tayari mezani, jicho lake limefunuliwa, na ukumbi wa nje ulikuwa umeanza tena kuwekewa makopo ya rangi. Alikuwa ameyaona asubuhi akipita.

Akasema: "Pelekeni zile rangi mbali na mlango. Na kioo cha chombo cha pili kikiingia ukungu, msikifute. Niiteni nije nikisome."